Tulipu na Tufaha la Njombe

Shemeji yangu anaishi Uholanzi, na kila akija likizo Iringa huleta zawadi zenye kazi ndani yake. Safari iliyopita ulikuwa mfuko wa matunguu ya tulipu, tena yana cheti cha afya, kitu ambacho mimi mwenyewe sina.

Maelekezo yalisema panda Oktoba, baridi iyakute ardhini. Oktoba ya Gangilonga, jamani, ni jua na vumbi! Baridi yetu ni ya Juni na Julai, nayo ni ya usiku. Ikifika saa nne asubuhi watu wameshavua makoti. Tulipu haitaki utani huo. Inadai baridi mfululizo, chini ya nyuzi 10, kwa miezi mitatu hadi minne, ndipo ua likubali kutoka.

"Weka kwenye friji, shemeji," akaagiza kwa simu. Mama watoto akahamisha maziwa, akahamisha na mchicha, akaninunia. Halafu mama mkwe akaja kutoka Uyole, amepitia Njombe kusalimia, na kikapu cha matufaha. Ni matamu, hilo sibishani na mtu. Akayapanga vizuri juu ya tulipu. Sasa, tufaha likiiva hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi zilizofunikwa, na gesi hiyo huliua ua la tulipu likiwa bado ndani ya tunguu.

Tulipopanda, yakatoka majani mapana, yamenawiri, na ua hakuna. Jirani akapita, akainama, akauliza kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Hii mboga mnaiunga na karanga?" Usiku fuko naye akaja na hesabu zake. Asubuhi vilima vya udongo vilikuwa vimefuata mstari wangu wa kamba, havikukosea hata hatua.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "kule Kitulo nani anapanda?"

Nikakosa jibu. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, iko mwinuko wa mita 2,600 hivi, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Okidi zake nyingi zina viazi ardhini. Hulala kiangazi, mvua za Novemba zikishika zinaamka zenyewe. Adui wao mkubwa ana miguu miwili: viazi hivyo vimechimbwa kwa miaka mingi na kuvushwa Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Kumbe swali la jirani halikuwa la kijinga.

Okidi za Kitulo ziache zilipo. Kuzichimba hifadhini ni kosa kisheria. Kwa nyumbani, tafuta gladioli, ambayo Afrika ni kwao na haina haja na friji ya mtu. Ipande mvua za kwanza zikishanyesha, na utandike wavu wa chuma chini ya udongo, maana fuko hachagui.