Vita vya Mbolea Nyakuron

Ua wetu hapa Nyakuron, Juba, una nyumba ya Mama, vyumba vya wapangaji, na kijishamba cha bamia na sukuma wiki. Mama ni mtu wa samadi. Fundi wa pikipiki aliyetoka Arua, mpangaji wa chumba cha mwisho, ni mtu wa urea. Mimi Mkenya kazi yangu ni kula mboga, lakini kila mmoja alishaniandika shahidi wake.

Fundi alitangulia na hesabu: urea ina naitrojeni asilimia 46, sasa magunia ya kinyesi ya nini? Akanunua ya kupimiwa kwa kikopo sokoni Konyo Konyo, mfuko mweupe usio na jina wala maelezo, akaimwaga juu ya udongo mkavu saa saba mchana, jua la Februari likiwaka. Kumwagilia aliona ni anasa, maana maji tunauziwa na malori kwa pipa. Mama akanyunyiza kidogo tu, kwa huruma. Kesho yake amonia ilitutoa machozi kuanzia mlangoni. Urea nyingi bila maji ya kutosha hugeuka chumvi inayoinyang'anya mizizi hata unyevu iliokuwa nao. Sukuma ikakauka kingo, majani yakawa ya kahawia. Fundi akasema ni ugonjwa uliotoka kwa jirani.

"Wewe endelea na ugonjwa wako," Mama akamjibu, akifunga mbuzi zake wasije wakailamba urea wakafa.

Zamu yake ilipofika, alimtuma kijana wa bodaboda, wa kabila la Mundari, alete gunia la samadi kutoka kambi ya ng'ombe nje ya mji. Likaja gunia la majivu. Meupe, laini, yamechekechwa kama unga wa mandazi, na bei imepanda.

"Mama, nimekuletea ile nzuri," kijana akasema, na hakuwa akitania. Kwao kinyesi hukaushwa na kuchomwa ili moshi ufukuze mbu, kisha majivu hupakwa watu na ng'ombe. Nani angetaka kibichi? Ila naitrojeni ilishaondoka na moshi. Potasiamu ilibaki, na bamia hazikuwa zikililia hiyo. Fundi, adui wa samadi, alikuja jioni na kibakuli. Mbu walikuwa wakimtesa.

Safari ya pili kililetwa kinyesi chenyewe, kibichi. Mama akakilundika kando ya lango, akachanganya na majani makavu, akatuamuru tukigeuze hadi kioze sawasawa. Rundo lilipata moto hasa. Ukichomeka mkono, unauchomoa mbio. Harufu nayo haikuhitaji kuchomekwa mkono.

Wiki hiyohiyo wazee wa upande wa binti aliyekuwa akiposwa na mpwa wa Mama wakaja kuona nyumbani kwetu. Tulifunika rundo kwa turubai, tukachoma ubani, tukaomba Mungu. Mzee mmoja alisimama langoni, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ng'ombe mnao," akasema. "Na mlituambia hamna."

Mama aliapa. Fundi aliapa. Hakuna aliyesadikiwa, na ng'ombe wa mahari wakaongezwa papo hapo.

Wageni walipoondoka, mpwa alikaa muda mrefu akilitazama lile turubai. Kisha akamgeukia fundi:

"Kaka, ile urea yako, ilibaki?"