Chakula Juu ya Chakula

Oktoba mjini Kampala ni mwezi wa mvua. Asubuhi jua linakutoa nyumbani na shati jeupe, saa nane mchana mbingu inafunguka, na waendesha boda boda wa mtaa mzima wanajibanza chini ya paa la kituo cha mafuta wakipiga soga na abiria wao. Tarehe 9 tunaadhimisha uhuru wa mwaka 1962, na mwenye busara huenda na mwavuli. Kitu tusichokuwa nacho ni majani ya kupukutika. Mstari wa ikweta unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, mahali watalii wanapopiga picha mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, na miembe ya huku haijapata kupewa sababu ya kuvua nguo.

Hayo yote mdogo wangu anayajua. Tumezaliwa naye Tanga, nyumba moja, ila yeye siku hizi ni mtu wa Toronto. Alikuja Kampala kikazi mwezi huo wa Oktoba, akafikia kwangu Ntinda, na kabla hajafungua begi akanitangazia hamu yake.

"Kaka, huko sasa hivi miti ni myekundu, watu wamevaa masweta na kila nyumba inanukia boga. Mimi nataka tambi kwa mchuzi wa boga. Uwe mzito, wa krimu, wa chumvi."

Mpaka kwenye krimu nilikuwa pamoja naye. Chumvi ndiyo iliyonikalisha kitako. Kwetu boga hupikwa kwa tui, sukari na iliki, na mahali pake ni kwenye sinia la futari. Tambi nazo hukaangwa kidogo zikapata rangi, zikatiwa sukari, na mwenye uwezo akaongeza zabibu. Vitu viwili vitamu vilivyoheshimiana miaka yote sahani hii na ile, leo binti wa nyumba ileile anataka vikutanishwe ndani ya chumvi! Nikamwambia nitapika. Mdogo wangu akisharudi Toronto hukaa miaka, na sikutaka aondoke akisema Kampala alinyimwa boga.

Kumbe alikuwa ameshaalika watu. Mama mwenye nyumba, Muganda wa heshima zake, na mzee jirani yetu anayetoka Mbarara, wote wawili walikuwa wameambiwa waje Jumamosi jioni kwenye "chakula cha msimu". Msimu gani, hakuwaeleza. Jumamosi yenyewe ilipofika, mwenye wazo akaitwa kikaoni katikati ya mji, akaniachia ahadi kwamba atanielekeza kwa sauti za WhatsApp, hatua kwa hatua.

Tambi nilikuwa nimeshazipata Kisenyi, mtaa wa Wasomali, ambako ukitaka tambi ndefu huna haja ya kwenda kwenye duka la kizungu. Waitaliano waliitawala Somalia ya kusini hadi 1941, wakarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960, na walipoondoka tambi zilibaki. Mwenye duka aliniuliza nakwenda kuzila na nini. Nikasema boga. Akafikiri, akaniuliza kwa upole: "Na ndizi mbivu je?" Kwao ndizi mbivu hukaa kando ya tambi, unamega hapa unazungusha uma pale. Nikamjibu ndizi haimo katika mpango. Alinifungia mzigo wangu kwa huruma.

Boga nililifuata soko la Nakawa. Kununua boga kuna adabu zake: unalipiga konzi usikie mlio, unatazama kikonyo kama kimekauka, unalipima mkononi, maana boga kubwa lililo jepesi lina maji tu na maneno. Mama muuzaji alinitazama nikifanya yote hayo akaridhika kwamba najua ninachokitafuta.

"Ssebo, unapika na matoke?"

"Hapana, nnyabo. Napika mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa boga."

"Na boga unalila na nini?"

"Na tambi. Boga ndilo mchuzi."

Akawaita wenzake wa meza za jirani. Kikafanyika kikao kifupi kwa Kiganda, nikasikia neno *ensujju* likitajwa mara nyingi na cheko likifuatia kila mara. Uamuzi wa kikao ulikuwa kwamba nisaidiwe. Nilikuwa naulizia majani ya seji, maana sauti ya kwanza kutoka mjini ilisisitiza kwamba bila seji hakuna mchuzi. Seji hapakuwa nayo, ila mujaja, ule wa kutia kwenye chai, ulikuwapo tele, na majani ni majani. Wakanitilia na fungu la majani ya boga, essunsa, bila malipo, ili angalau nipate kitu cha kulia hilo boga. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Nakawa wanakuongezea na majani.

Mwendesha boda boda alilitazama boga akasema huyo ni abiria wa pili na nauli yake ni yake. Tukapatana. Tukaliweka katikati yetu, mimi nikilikumbatia, tukaenda salama mpaka njia panda ya kuingia Ntinda, ambapo shimo lililokuwa limejificha chini ya dimbwi lilituvusha hewani sote watatu. Wawili tulirudi kwenye kiti. Boga lilishuka, likaruka mtaro, likateremka kwa kasi mpaka kwenye meza ya kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, naye akalizima kwa wayo kama beki wa Cranes, timu yetu ya taifa. Halikuwa na ufa hata mmoja. Kijana alipoambiwa linakokwenda, hakuamini kwamba mtu mzima anahangaika hivyo. "Bosi, pasua, kaanga na mayai mawili, funga kwenye chapati. Habari imekwisha."

Nyumbani hapakuwa na umeme. Sauti ya pili kutoka kikaoni ikaingia: "Kaka, lipasue mara mbili, lipake mafuta, liingize kwenye oveni saa nzima." Oveni sina, na hata ningekuwa nayo siku hiyo ingekuwa kabati. Kulipasua kwenyewe kulichukua panga, nyundo ya jirani na ushauri wa watoto wote wa uani. Mama mwenye nyumba alisikia vishindo akaja kuona ninabomoa nini. Alikuwa amevaa gomesi lake la rangi ya zambarau, mabega yamesimama, mshipi unang'aa, tayari kwa karamu saa tatu kabla ya wakati wake.

"Mwana wange," akasema, "boga halichomwi. Boga linavukizwa."

Akaagiza sigiri, mkaa na majani ya mgomba, akalifunga boga pande pande, akalibandika. Nusu saa baadaye uani pote kulinukia. Lilikuwa limeiva likawa linameguka lenyewe, la rangi ya chungwa hadi kwenye ganda. Hapo pangemtosha mtu mwenye shukrani. Lakini sauti ya tatu ilikuwa imeshafika: "Kaka, saga kwenye blenda mpaka liwe laini kabisa."

Nikaliingiza boga kwenye blenda pamoja na mujaja, vitunguu maji na vitunguu saumu nilivyovikaanga, nikiwa na nia ya kusubiri umeme urudi. Swichi ilikuwa imewashwa tangu asubuhi. Mama mwenye nyumba akainama kunusa, aone mujaja umefanya nini. Umeme wa Kampala una subira na una muda wake maalumu wa kurudi: ulirudi wakati huo, kifuniko kikiwa mkononi mwangu.

Ukakaa sekunde chache tu, ukaondoka. Uliacha duara la rangi ya chungwa kwenye dari, mistari ukutani hadi kwenye kalenda, na kwenye bega moja la gomesi, lile la kulia, kilima kidogo cha rojo kimekaa wima. Mama hakusema kitu. Alichota kwa kidole, akaonja, akafikiri kwa muda mrefu.

"Ni tamu," akasema. "Lakini inanukia chai."

Akaenda kubadilisha gomesi. Mimi nikatoa mujaja, nikachukua chujio la tui, kazi iliyobaki nikaifanya kwa mwiko na mkono, nikilisukuma boga kwenye matundu mpaka likashuka laini kuliko ambavyo blenda ingeweza. Mama yetu Tanga alilisha nyumba nzima miaka mingi kwa chujio la namna hiyo, na dari yake ilikuwa nyeupe.

Ikabaki krimu. Pakiti niliyoinunua juzi yake ilikuwa imeshinda na kulala kwenye friji lisilo na umeme, na nilipoifungua ikaniwahi kwa harufu. Hapo ndipo mzee wa Mbarara alipobisha hodi, mkononi ana kopo la samli. Kwao Ankole mtu haendi kwenye karamu mikono mitupu. Nikamweleza msiba wa krimu, naye akacheka mpaka akakaa. Kwao, akasema, krimu hainunuliwi dukani: unachukua samli, unaipiga kwa maji yaliyochujwa kwenye chumvi ya mawe, taratibu, mpaka inageuka nyeupe na nzito. Ndiyo eshabwe, inayoliwa na ugali wa ulezi, na harusi ya Kinyankole isiyo na eshabwe huzungumzwa vibaya kwa miaka. Akavua koti, akaomba bakuli na mwiko, akapiga. Nilitazama samli ya manjano ikipauka chini ya mwiko, ikafanya mapovu, ikawa maziwa mazito yenye chumvi yake. Tukaimimina kwenye boga juu ya moto mdogo, nikakwangua kungumanga kidogo, nikaonja.

Niseme ukweli wa Mungu: ulikuwa mchuzi. Ulishika mwiko, ukawa na utamu wa boga kwa chini na chumvi ya samli kwa juu, na vitunguu saumu vikapita katikati. Mdogo wangu alipoingia kutoka mjini, amelowa chepechepe, alifumba macho mlangoni akavuta pumzi akasema, "Toronto hasa!" Mzee wa Mbarara akamsahihisha kwamba ni Mbarara.

Tukatenga. Mama mwenye nyumba, sasa akiwa na gomesi la kijani, alipokea sahani yake, akaitazama, akaizungusha nusu duara, akatutazama sote mmoja mmoja.

"Hii," akaonyesha tambi, "ni chakula. Na hii," akaonyesha boga, "ni chakula. Mchuzi uko wapi?"

Ambaye hajakaa Kampala hataelewa uzito wa swali hilo. Ingia mkahawa wowote hapa mchana. Kwanza utaulizwa chakula, nawe utajibu matoke, wali, posho, viazi, muhogo, boga, au vyote kwa pamoja, nao watakupakulia mlima. Kisha utaulizwa mchuzi, nawe utachagua maharage, nyama, samaki au binyebwa, yaani karanga za kusagwa. Boga limeandikwa katika orodha ya kwanza tangu zamani. Kumwaga boga juu ya tambi ni kumpa mgeni wali, ukamwagia viazi, ukamtakia hamu njema.

Mdogo wangu akakimbilia Italia. Akasema Mantova wanajaza boga ndani ya tambi za mfuko, na ni chakula cha fahari. Nikamkumbusha kwamba hao wa Mantova wanalichanganya boga na biskuti za lozi, kwa hiyo wako karibu na sukari ya Tanga kuliko chumvi anayoitaka yeye. Akatafuta kwenye simu, akatusomea kwamba maboga asili yake ni Amerika, kwamba Mexico yalilimwa yapata miaka 10,000 iliyopita, na kwamba huku kwetu hayakujulikana mpaka baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Kwa hiyo, akasema, hakuna aliyekaa mezani hapa mwenye haki ya kulitungia sheria.

"Wenyewe hawapo," akajibu mama mwenye nyumba. "Mimi ninalilima."

Mzee akajaribu kutetea kwamba eshabwe ni mchuzi, na imo ndani, hivyo kisheria mchuzi upo. Akaulizwa kama ng'ombe aliyemezwa na mamba bado ni ng'ombe. Akanyamaza, akaanza kula, na huo ulikuwa ushindi wake.

Mama akamtuma mjukuu wake. Mtoto alirudi na sufuria ndogo yenye binyebwa ya moto, ya rangi ya waridi iliyopauka, iliyokuwa imebandikwa tangu alasiri. Alikuwa ameshajua tangu tunavukiza boga kwamba jioni ingefikia hapo. Akamimina juu ya tambi na boga, akaonja, akatikisa kichwa kukubali: sasa ni chakula. Mdogo wangu alikataa kwa dakika nzima, akachukua kijiko kimoja cha kuonja, na mwisho ndiye aliyekwangua sufuria.

Kwa hiyo wasomaji wangu mtakaotaka kujaribu, mapishi ni haya. Chagueni boga zito lenye kikonyo kikavu, mlivukize, mlipitishe kwenye chujio, mtie vitunguu vilivyokaangwa, samli iliyopigwa ikapigika na kungumanga kidogo. Mujaja uacheni kwenye chai. Blenda, ikibidi, ichomoeni ukutani mpaka mfunike. Na mkialika Muganda, binyebwa ibandikeni mapema. Boga lipikeni mpendavyo, lakini mchuzi wekeni.