Mwongozo wa Kurundika Makala Tabora

Kwanza uwe na hasira. Julai 8, 2025 Mozilla waliifunga Pocket, programu iliyoanza 2007 kwa jina la Read It Later, na watu waliokuwa wakilimbikiza humo makala za kusoma baadaye wakaambiwa wahamishe mizigo. Nawe ukaapa kwamba mali yako hailali tena nyumba ya kupanga. Umesikia habari za wallabag: ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inapokea shehena ya Pocket bila kinyongo. Utaiweka kwenye seva yako mwenyewe, hapo hapo mtaani Isevya.

Seva ni kompyuta kuukuu ya shemeji, ile iliyobaki na bawaba moja. Weka Debian, kisha nakili amri bila kuzisoma. Ikigoma, fuata ushauri wa 2013, wa enzi programu ikiitwa poche. Kwa msomaji mmoja hifadhidata ya SQLite yatosha, faili moja tu. Wewe weka MySQL, maana mgeni akija utamwonyesha nini? Halafu Composer ianze kushusha vifurushi, na bando la usiku liishe katikati.

Ukivuka hapo utapokewa na ukurasa mweupe ulioandikwa 500. Usiulaumu umeme. Ulisakinisha ukiwa root, kwa hiyo folda ya var ni mali ya root. Anayehudumia kurasa ni mtumiaji mwingine, www-data, naye haruhusiwi kuandika humo hata nukta. Chown moja ingemaliza shauri. Utapiga chmod 777, yaani kila apitaye aingie aandike atakalo, na utajipongeza kwa kuwa ukurasa umefunguka. Jina la kuingilia ni wallabag, nywila ni wallabag. Usibadilishe, utasahau.

Sasa nenda Urambo ujaribu kuifungua. Haifunguki. Mitandao ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango wako hauonekani kutoka barabarani. Basi kodi seva Ujerumani, ulipe kwa euro. Ni nyumba ya kupanga, ndiyo, lakini safari hii umeipaka rangi mwenyewe.

Kilichobaki ni kurundika, na hilo hapa Unyanyembe, yaani Tabora ya zamani, si geni. Mwandishi wa habari Stanley alipofika mwaka 1871 akimtafuta mpelelezi Livingstone, alikuta mfuko wa barua za Livingstone umetuama hapa, una tarehe ya Novemba 1, 1870, na waliopewa dhamana ya kuufikisha Ujiji wamekaa tu. Vita vya mtemi Mirambo navyo vikafunga njia. Mwishowe Stanley akaenda nao, na mzee Livingstone akaupata mkononi karibu mwaka mzima baada ya tarehe yake. Kinachonifurahisha ni alichofanya: akaupakata, akasoma barua moja mbili za wanawe, kisha akamtaka Stanley ampe habari za dunia kwanza, barua kazingoja miaka, saa chache si kitu. Hakuna programu iliyowahi kupata mteja kama huyo. Baadaye alikaa kwenye tembe la Kwihara, hapa hapa Unyanyembe, hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi, kwa hiyo nafasi ya kuzimaliza aliipata. Wewe utasema huna nafasi, huku ukiongeza makala nyingine ndefu kuhusu namna ya kupata nafasi.

Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye kompyuta ya shemeji chumbani angeweza kusoma kwa waifai ya nyumbani kama kawaida. Seva ya Ujerumani ilikuwa nzima, inawaka, ila haifikiki. Dawa ipo: wallabag ya Android huweka makala ndani ya simu yenyewe, mradi uwe umezishusha kabla. Kitufe cha kuzishusha umeshakiona. Utakibonyeza kesho.