Serikali Saidia, Mtaro Umeziba

Mheshimiwa Rais,
Ikulu,
Nairobi.

KUH: KUZIBA KWA MTARO WA SOKONI KWETU

Pokea salamu za wauza mboga, wauza mitumba, mafundi viatu na vijana wa bodaboda. Tulifanya mkutano tukaafikiana, bila sauti ya kupinga isipokuwa ya Mwalimu, ambaye nitamfikia, kwamba mtaro unaopita nyuma ya vibanda vya nyanya umeziba na wa kuuzibua ni wewe.

Nikueleze hali ilivyo, maana najua huko Ikulu mnaingoja habari hii kwa hamu. Mtaro umejaa mashina ya sukuma wiki, magunzi, chupa za plastiki na godoro moja ambalo hakuna anayekubali kuwa ni lake. Mvua ikinyesha, maji meusi hupanda hadi kwa mama wa omena, naye huinua beseni lake juu ya mawe na kuendelea kuwapimia wateja kwa gorogoro. Saa tatu asubuhi askari wa kanjo hufika, akiruka madimbwi kwa ustadi, kuchukua ushuru. Stakabadhi anayotupa ina nembo ya kaunti na jina la kaunti kwa wino mweusi. Tunaikunja, tunaitia kwenye mfuko wa aproni, halafu tunaanza kukulaumu wewe.

Sasa Mwalimu. Amestaafu kazi lakini kusomesha watu hajastaafu. Alikuja mkutanoni na kijitabu cha Katiba kilichochakaa kingo, akatufungulia Jedwali la Nne. Akatusomea kwamba mifumo ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti. Masoko ni ya kaunti. Takataka, taa za barabarani, zahanati, shule za chekechea, machinjio, makaburi, vyote vya kaunti. Akasema hata leseni za mbwa zimo. Tulicheka sana. Kijana mmoja wa boda akamwuliza, "Mwalimu, kwani huyo gavana tulimchagua lini?" Mwalimu akamjibu kwamba tulimchagua siku ile ile tuliyokuchagua wewe, asubuhi ile ile, kwenye foleni ile ile, na kwamba kila mmoja wetu alipewa karatasi sita za kura.

Pakawa kimya. Karatasi moja sote tunaikumbuka vizuri, na wapo waliowahi kukosana na shemeji zao kwa ajili yake. Zile tano nyingine tulizitumbukiza kwa kufuata rangi ya chama. Tulipojaribu kumtaja mwakilishi wadi wetu, majina matatu yalitolewa. Mmoja wao ni marehemu.

Mheshimiwa, usitushangae. Sisi tumelelewa hivyo. Mzee Moi alitamka tu, mwaka 1979, watoto wa shule za msingi wakaanza kupewa maziwa ya bure. Wilaya mpya zilizaliwa kando ya barabara, rais akiwa amesimama juu ya gari. Waziri aliweza kuondoka nyumbani akiwa waziri na kusikia kwenye taarifa ya habari ya saa saba kwamba yeye ni raia wa kawaida. Huyo ndiye rais tunayemjua. Kisha Agosti 2010 tukapiga kura ya maamuzi, tukapitisha Katiba kwa zaidi ya thuluthi mbili, na tarehe 27 Rais Kibaki akaizindua pale Uhuru Park huku tukishangilia kwamba hatutaki tena mtu mmoja mwenye kila kitu mkononi. Tukaugawa mkono ule kwa kaunti 47, mabunge mawili, mahakama na tume kadha wa kadha. Tulipofika nyumbani tukaendelea kukusubiri wewe.

Tangu hapo tumeona maajabu. Bosi wako wa zamani, Uhuru Kenyatta, alikaa na orodha ya majaji waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama tangu 2019, na hata alipowateua 34 mwaka 2021, bado aliambiwa na mahakama kwamba hana ruhusa ya kuwaacha sita waliobaki. Akaleta BBI, mpango wa kurekebisha Katiba, ikagonga ukuta Mahakama Kuu, ikagonga Mahakama ya Rufani, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaizika. Watu wa Makueni waliochoka na vita vya gavana wao na madiwani walimwomba Uhuru aivunje serikali ya kaunti. Tume aliyoiunda ikasema ivunjwe. Mwaka 2015 akakataa, akawarudisha wakapatane. Mwalimu anasema huo ni utawala wa sheria. Sisi tulisema ni rais mnyonge, tukamngoja anayefuata awe na nguvu, naye ndiye wewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba uingilie kati. Shusha riba za benki, ingawa Katiba inasema Benki Kuu haiamrishwi na mtu yeyote. Walimu tunaowapenda wasihamishwe, ingawa mwajiri wao ni Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mfunge yule jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, na ukimaliza umwachilie mpwa wangu, ambaye hana hatia kubwa. Ukipata nafasi, tunaomba pia taa mpya ya mulika mwizi. Ile ya zamani inamulika mchana.

Mvua pia tumekukabidhi. Februari 2023, ukame ulipotubana, uliongoza maombi ya kitaifa katika uwanja wa Nyayo. Mvua ilipokuja, wapo waliokupa pongezi. Oktoba ukatutuliza kwamba El Niño haitafikia makali yaliyotabiriwa, na wiki chache baadaye mafuriko yakazoa nyumba na barabara. Hapa sokoni tulisema umetudanganya. Hakuna hata mmoja aliyeilaumu bahari.

Mwalimu, ambaye hakubali kushindwa, anadai kwamba mzigo huu wa lawama haukuumizi hata kidogo, kwamba unakufaa. Yaliyo yako kweli yapo, anasema: mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Bunge ndilo lililopitisha, lakini mswada ulitoka serikalini mwako na sahihi ni yako. Mikopo ya nchi, polisi wanaofyatua risasi kwenye maandamano, mawaziri unaowateua, hayo ni yako bila ubishi, na ndiyo tungepaswa kukuuliza kila siku. Lakini mtu anayelaumiwa kwa godoro lililo mtaroni, kwa mbwa asiye na leseni na kwa mvua ya Oktoba, atasikiaje akiulizwa kuhusu deni? Na gavana, anasema Mwalimu, analala usingizi mnono. Kaunti zote kwa pamoja zilitengewa shilingi bilioni 385.4 katika mwaka wa fedha wa 2023/24, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kuuliza mgao wetu ulipita njia gani.

Tulimwambia Mwalimu aketi.

Nadhani wewe mwenyewe unatuelewa. Katika miaka yote niliyosimama kando ya barabara kukupungia mkono, wewe na waliokutangulia, sijasikia rais akitoa kichwa juu ya gari na kusema, "Hilo si langu, nendeni kwa gavana." Tukipaza sauti "Maji!", jibu ni maji yanakuja. "Stima!" Inakuja. "Soko!" Hilo hasa linakuja, la kisasa, na jiwe la msingi lenye jina lako, ingawa Mwalimu anasisitiza kwamba hata masoko yamo kwenye jedwali lake. Kwa hiyo ukipita huku, simamisha msafara mkabala na vibanda vya nyanya. Usishuke, utachafua viatu. Tamka tu. Tutapiga makofi, mama wa omena atapiga vigelegele, na tutakuandikia tena mvua za vuli zikianza.

Wako mtiifu,
Katibu wa muda, kwa niaba ya wafanyabiashara wa soko.

Nakala kwa:
Gavana (apate kujua kwamba tumemshtaki kwa mtu asiye mkubwa wake);
Mwakilishi wadi (nafasi ya jina imeachwa wazi);
Mwenye godoro.