Heko, Wavunja Ngeli wa Nairobi

Wenye kejeli husema Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania bara, kikafia Kenya, kikazikwa Uganda. Mimi sijaona maiti mwenye shughuli nyingi kama huyu wetu wa Nairobi. Alfajiri yuko Gikomba anauza mitumba, mchana yuko mahakamani anakana mashtaka, jioni ananing'inia mlangoni mwa matatu akidai nauli.

Tuanze na ukarimu wake wa ngeli. Pwani kila nomino ina ukoo na masharti: kiti changu, mti wangu, gari langu, mtoto wangu. Nairobi imefuta ubaguzi huo. Kiti yangu, mti yangu, gari yangu, hata mtoto yangu. Wote wamepangwa chumba kimoja na hakuna aliyenung'unika ila mwalimu, naye hulipwa kunung'unika.

Kuna pia kiambishi -anga, na hapo wasomi wakae chini kwanza. Mtu akisema "husoma gazeti", nani huyo? Mimi, wewe au jirani? Hu- haikubali kiambishi cha nafsi, basi sharti umtaje mtu kando. Mkazi wa Kayole husema "nasomanga gazeti", yakaisha: msomaji anajulikana, mazoea yanajulikana. Watu wa Lubumbashi nao wana -aka yao, na hawakuja Kayole kuiazima. Waluhya wana -anga hiyo hiyo, Wakikuyu wana -aga yao. Sasa nani kapotoka hapa?

Au chukua katoto, wingi wake tutoto. Ngeli hiyo ya ka- na tu- ni ya Kibantu cha kale. Kiunguja kiliiacha, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. (Mkutano uliochagua ulifanyika Mombasa, na Kimvita, lahaja ya hapo, kikashindwa nyumbani kwake.) Tangu hapo tunadogosha kwa ki-, na ukimwita mtu kijitu hajui kama umempima kimo au umemtukana. Nairobi imerudisha ka- bila kamati wala posho za vikao, halafu ndiyo inayoshtakiwa kwa mauaji.

Adabu? Haya, "leta chai" haina tafadhali ndani yake. Lakini mtu wa Lamu akimaliza kukujulia hali wewe, wazee wako na watoto, wa Nairobi ameshakunywa, amelipa, ameondoka. Jiji ghali hili. Salamu ndefu hulipiwa kodi ya nyumba.

Mtahini na aendelee kukata alama, ndiyo riziki yake. Wewe msomaji unayebisha, panda matatu ya 45 jioni, na ikikaribia Roysambu umwambie makanga: "Ndugu utingo, naomba uniteremshe katika kituo kijacho, tafadhali." Utateremkia Githurai.