Muulize Shangazi: Bahari Imehama

Shule zimefungwa, na barua za wiki hii karibu zote zinahusu Unguja: za wanaojiandaa kwenda, za waliopo huko, na za waliorudi na sasa hawasemeshani. Shangazi amechagua tano. Zilizobaki zilikuwa ankara za hoteli zisizo na maelezo yoyote, na hizo kila mtu alipe yake.

*Shangazi, tumelipia chumba kinachotazama bahari huko Paje. Jana jioni bahari ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu. Leo asubuhi nimewavalisha watoto maboya, tumetoka nje, mchanga mtupu! Kijana wa mapokezi anasema nisubiri. Nidai pesa zangu?*
— Baba Wawili, Tabata

Baba Wawili, bahari haijahama, maji yamekupwa tu. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, ufuo wake ni bapa, kwa hiyo maji yakitoka hutoka kwelikweli. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa sababu yanafuata mwezi na hayana habari na saa yako ya chai. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo bamvua, na hapo utayafuata mpaka uchoke. Ungetaka kuogelea saa yoyote ungefikia Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali.

Lakini usihame. Wavue watoto maboya, wavishe viatu, maana kuna viumbe vyeusi vya miba visivyosamehe unyayo, kisha wapeleke kwenye vidimbwi waone kaa na viti vya pweza. Waangalie bila kuwatoa majini. Mkikuta vijiti vimepangwa mistari na kamba zimefungwa katikati, geuzeni njia. Hilo ni shamba la mwani. Akina mama wa huko wamelilima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na saa hiyo unayolalamikia wewe ndiyo saa yao ya kazi. Nao hawajadai pesa kwa mtu bahari inaporudi.

*Shangazi, tunavuka na boti Jumamosi. Mapacha wangu wana mwaka mmoja na nusu, naogopa watatapika. Baba yao hana wasiwasi, anasema yeye ni mtoto wa Tanga.*
— Mama Pacha, Mbagala

Mama Pacha, watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuliwa na bahari. Wanaosumbuliwa ni waliowazidi umri, na watoto wa Tanga. Kutoka Dar ni kama saa mbili kwa boti ya kasi, na msimu huu kusi linavuma, kwa hiyo mawimbi hayatauliza mtu kazaliwa wapi. Kaeni katikati ya chombo, sehemu ya chini. Baba atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na simu aiweke mfukoni. Kama anataka vidonge, avinywe kabla boti haijaondoka. Kwa watoto, muulize kwanza mfamasia. Na asubuhi hiyo umfichie supu ya kongoro. Wahudumu wakipita na mifuko, chukua mitatu: mmoja wa nepi, miwili ya mtoto wa Tanga.

*Shangazi, dada mkubwa wa mke wangu anaishi Mwanakwerekwe. Sisi tumefikia hotelini Kiwengwa kimyakimya. Mke wangu kapachika picha mtandaoni, sasa shemeji anapiga simu haipoi. Niipokee?*
— Nimejificha, Kiwengwa

Nimejificha, hujajificha. Una ndugu mjini na umelala kwa kulipia! Kosa hilo halina faini, lina mlo tu. Nendeni leo. Msiende mikono mitupu, na watoto wavae nguo za kueleweka, maana Mwanakwerekwe si ufukweni. Kuleni kila kinachoandaliwa, muongezewe, mle tena. Akiuliza bei ya chumba, kohoa. Ukiitaja ataigeuza papo hapo kuwa magunia ya mchele, na hesabu hiyo utaisikia mpaka harusi ya wajukuu.

Kisha fanya kinachokupasa: mwombe radhi, na watoto wabaki kwa mama yao mkubwa siku mbili. Watacheza uani na binamu zao na kurudi na maneno ya Kiunguja ambayo hukuyalipia. Nyinyi wawili rudini Kiwengwa. Nani kasema ndugu wanaharibu likizo?

*Shangazi, tulikwenda Changuu. Binti yangu wa miaka mitano kampenda kobe, anataka tumchukue nyumbani. Nikamwambia atakufa njiani. Amelia mpaka Forodhani.*
— Mama Nuru, Kigamboni

Mama Nuru, umemsingizia kobe wa watu. Wazee wake waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko, na kobe wa aina hiyo hupita miaka 100 bila kukohoa. Mwambie binti ukweli. Kobe huyo akija Kigamboni atakuzika wewe, atamzika mwenye nyumba, na siku ya arubaini atakuwa bado anatafuna mchicha wako. Nani atamrithi? Mtoto akiambiwa kuna urithi wa kugawana na kaka zake, atamwacha mwenyewe.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka saba. Nilikuwa nachimba shimo zuri sana. Baba akasema niache, nisimame, nicheke, tupige picha. Tulipiga mpaka maji yakaja yakalifukia shimo. Tumebakiza siku tatu. Nifanyeje?*
— Mchimba Shimo, Kendwa

Marahaba, mwanangu. Katika barua zote za wiki hii, wewe peke yako umekwenda kisiwani kwa ajili ya kisiwa. Anza kuchimba maji yanapoanza kutoka, na chimba juu kidogo, mbali na mawimbi. Una kama saa sita kabla hayajaanza kurudi. Shimo lisipite magoti yako. Baba mpe kazi ya kuteka maji kwa ndoo mbili, moja kila mkono, kwa sababu hapo hatakuwa na mkono wa kushikia simu.

Tena kumbuka, simu na maji ya chumvi haviivi chungu kimoja. Shangazi hajasema uitumbukize. Shangazi kasema haviivi chungu kimoja.