Ewe Baiskeli ya Chuma, Pokea Sifa Zako

Wahenga walitahadharisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tangu hapo Waswahili tumekuwa wachoyo wa sifa. Baiskeli ya chuma, ile nyeusi, ndefu, yenye karia nyuma na madigadi mbele, haijasifiwa na mtu tangu iingie nchini, kwa hiyo haina sababu ya kuharibika. Hata hivyo inaharibika. Inaharibika bila kusifiwa, kwa hiari yake, mara nyingi siku ya gulio. Basi naona heri tuisifu tu, maana hasara tuliyokuwa tunaiogopa tumekwisha kuipata.

Nianze na uzito. Phoenix ya Shanghai, ikiwa tupu, ina kilo 20 hivi. Wenye baiskeli za alumini hujigamba kwamba za kwao zinainulika kwa kidole kimoja. Hongera zao. Ila kinachoinuliwa na mwenyewe kwa kidole kimoja, mwizi naye hukiinua kwa kidole kimoja, akabakiwa na tisa vya kukupungia. Phoenix humlazimisha mwizi aipande, na akishaipanda bila kuzijua breki zake, utamkuta kwenye kona ya kwanza. Isitoshe, anayelalamikia uzito wa baiskeli hajapakia kitu. Muulize muuza mkaa anayeingia Dar es Salaam alfajiri kutoka Kisarawe, magunia mawili nyuma, la tatu limelazwa juu yake, na yeye mwenyewe anasukuma kwa sababu nafasi ya kukaa imekwisha. Huyo hajui baiskeli ina kilo ngapi. Anachojua ni kwamba haijavunjika.

Sifa ya pili ni ukaidi wa umbo. John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885: magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, cheni ikivuta la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, akaiongezea mpira wa upepo, na hapo pancha ikazaliwa. Baada ya hapo umbo lilibakiza marekebisho madogo tu. Wachina walioanza kutengeneza Flying Pigeon kule Tianjin mwaka 1950 waliitazama Raleigh ya Nottingham, wakaona hakuna la kuongeza, wakaifuata ilivyo. Simu yako ya miaka mitano iliyopita leo ni takataka, haikubali hata kusasishwa. Raleigh ya babu, toa kutu, tia grisi, badilisha matairi, inakwenda sokoni.

Raleigh wenyewe walijua wanauza nini. Waliinadi kuwa ni baiskeli iliyo chuma tupu, na katika tangazo lao mashuhuri walimchora Mwafrika akikanyaga pedeli, simba mzima mzima akimfuata nyuma asimpate. Ni picha nzuri sana. Mchoraji alikuwa na busara ya kuishia hapo, kabla cheni haijatoka.

Maana cheni itatoka. Gurudumu la nyuma limeshikwa na nati mbili kwenye mianya iliyo wazi, na ukikanyaga kwa nguvu mlimani linasogea mbele kidogo kidogo mpaka cheni inalegea na kuanguka. Ukiikaza mno, nayo inalia na kula meno ya gia. Kati ya kulegea na kukaza kuna nafasi nyembamba ambayo haikuandikwa popote. Inajulikana kwa kubonyeza cheni kwa kidole katikati, iende chini kiasi fulani, isizidi. Kiasi gani? Kila fundi atakuonyesha kwa kidole chake, na hakuna vidole viwili vinavyolingana. Suruali nayo ina mkataba na cheni hiyohiyo. Ndiyo maana mwendesha baiskeli makini huchomeka mguu wa suruali ndani ya soksi, akaenda hivyo ofisini, hata mbele ya mkwe, bila haya.

Sasa tuje kwenye breki, ambazo watu wamezionea sana. Zile za kizamani hazina waya. Ni vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani, kisha vinavuta vipande vya mpira juu, vikabana rimu kwa chini. Jua likiwaka zinafanya kazi kwa heshima zake. Mvua ikinyesha, kromu ya rimu inateleza, na breki zinageuka ushauri: gurudumu likipenda linaufuata, lisipopenda linaendelea na safari. Hapo ndipo mwendeshaji hushusha mguu na kukandamiza kandambili kwenye tairi. Wazungu wanauza mafunzo ya kuwazia yajayo. Sisi tunayapata bure. Mtu wa Phoenix huanza kusimama tangu anapoiona njia panda kwa mbali, huku akipiga kengele, akisalimia, na kuomba njia kwa wakati mmoja. Na anayetaka kuuona ujasiri wa breki hizi ukiwa kileleni aende Burundi, kwenye barabara inayoteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, awaangalie wabeba ndizi. Mikungu imefungwa pande zote, mtu haonekani, baiskeli inashuka kama imeitwa. Wakirudi juu hung'ang'ania nyuma ya lori. Sheria hairuhusu, wala mimi siwashauri, ila siwezi kuacha kuwataja.

Lakini nishani kubwa kuliko zote anastahili kota pini. Ni kijipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole cha mwisho, cha mviringo, kilichochongwa bapa ubavu mmoja, chenye nati ndogo mkiani. Kazi yake ni kuishikamanisha krenki na ekseli ya katikati. Kikilegea, kila ukikanyaga unasikia "ko", mguu unacheza, goti linanuna. Kukitoa ni shughuli ya kiume na ya kike. Unalegeza nati, unaegemeza krenki juu ya bomba au jiwe, halafu unapiga nyundo pigo moja la uhakika. Ukipiga bila egemeo, gololi za ndani ndizo zinazopokea kipigo. Ukipiga kwa woga mara nyingi, pini inapinda, hesi zinakufa, na sasa utaitoa kwa kuitoboa. Ukishapata mpya, haiingii. Inabidi uichonge ule ubavu bapa kwa tupa, kidogo, ujaribu, kidogo tena, ujaribu. Ukichonga ya kulia kuliko ya kushoto, au ukikosea upande wa kuingizia, pedeli hazinyooki tena: moja ikifika juu kabisa, mwenzake bado hajafika chini. Utachechemea umekaa. Chuo gani kingine kinafundisha uvumilivu, kipimo na matokeo ya haraka kwa bei ya kipande kimoja cha chuma?

Na chuo chenyewe kipo. Kipo chini ya mwembe, au kando ya duka la vipuri, kimezungukwa na tairi kuukuu, na kinaitwa kijiwe cha fundi. Fundi huipindua baiskeli, usukani na kiti vikawa miguu. Gurudumu limepinda, tuseme, kwa sababu shangazi mwenye kilo zake alikaa kwenye karia upande mmoja. Fundi analizungusha, anaegemeza ukucha wa dole gumba kwenye foku karibu kabisa na rimu, anasikiliza. Rimu ikikwaruza ukucha, analisimamisha papo hapo. Imevutwa kulia? Anakaza nipo ya spoki ya kushoto robo mzunguko, analegeza ya kulia robo mzunguko, anazungusha tena. Raleigh ya zamani ilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na kila moja ikiguswa majirani zake wanapata habari. Mwenye haraka hukaza moja kwa nguvu akaharibu nne. Fundi hana haraka. Mwishoni anapitisha kidole juu ya spoki zote kuzisikiliza mlio. Inayolia chini kuliko wenzake imelegea.

Wakati huo wapenzi wa baiskeli nao hawakukaa bure. Kila kijiwe kina mzee wa chama cha Raleigh, ambaye kwake chuma kiliisha Uingereza, na kijana wa chama cha Phoenix, ambaye atakuuliza hiyo Raleigh ilibeba magunia mangapi jana. Kuna mtaalamu wa viti, anayejua springi ipi inauma baada ya safari ndefu. Kuna aliyefunga taa, dinamo, vioo viwili, maua ya plastiki kwenye spoki na kipande cha mpira chenye maneno ya busara nyuma ya madigadi, lakini bado hajanunua breki. Kuna anayeshusha kiti nusu inchi leo na kukipandisha nusu inchi kesho, kwa utulivu wa mtu anayetafuta kweli. Hawa wote wana kazi nyingine. Kazi hizo zinasubiri.

Tena hawaishii kurekebisha, wanaunda. Fremu ya Raleigh iliyookotwa stoo, magurudumu ya Hero kutoka Ludhiana, foku ya Phoenix, karia iliyochomelewa kwa nondo iliyobaki kwenye ujenzi. Sehemu hizo zinaelewana kiasi cha kutosha. Zisipoelewana, kwa mfano Raleigh walipoamua kukata hesi 26 kwa inchi ilhali wengi wanakata 24, ipo nyundo, upo uzi wa katani, na ipo subira. Hapa ndipo chuma kinapowashinda wapinzani wake. Fremu ya alumini ikipasuka inataka mashine yenye gesi maalumu na mtu aliyesomea. Ya kaboni ikipasuka inataka rambirambi. Ya chuma ikipasuka inapelekwa kwa mchomeleaji wa mageti, anaacha geti la mtu dakika kumi, anaiunganisha, na kwa kuwa amekwisha kuwasha mashine anaongeza bomba la pili juu ili isirudie. Inatoka na makovu na inatoka na nguvu zaidi.

Najua kuna watakaosema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kabisa, na baiskeli kazi yake ni kutembea. Imetembea kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda ikivusha watu na bidhaa kati ya vituo viwili vya mpaka, ikaipa dunia neno bodaboda kabla pikipiki haijaja kulirithi bila hata kusema ahsante. Kule Kisangani ilibeba abiria kwa jina la toleka. Kule Shinyanga iliitwa daladala. Mitaani imeegeshwa kwenye standi, gurudumu la nyuma likaunganishwa na jiwe la kunolea, mtu akakaa palepale anakanyaga pedeli huku visu vya mtaa mzima vikitoa cheche. Baiskeli ambayo hata ikisimama inafanya kazi haihitaji kutetewa na mwandishi.

Na kama mnangoja mpaka Mzungu akubali, amekwisha kukubali. Mwaka 1994, wenzake wakikimbilia alumini na kaboni, Grant Petersen alifungua kampuni ya Rivendell kule California, akauza baiskeli za chuma zenye matairi manene, usukani wa kukaa wima na nafasi ya kufunga karia. Mwaka 2012 akatoa kitabu kiitwacho Just Ride, akiwasihi watu wa kawaida waache kujifanya wako kwenye mashindano. Wako wanunuzi wanaolipa fedha nyingi kuipata hekima hiyo. Muuza samaki wa kwetu aliifikia zamani, bila kitabu, kwa sababu samaki hawangoji.

Siwezi kudai kwamba baiskeli hii haina kasoro. Inazo nyingi kuliko nilizozitaja, na mlimani inakuonyesha kila moja. Ila angalia ni kasoro za namna gani. Zote ziko nje, zinaonekana kwa macho, zinasikika kwa masikio, na zinatengenezeka kwa spana mbili, nyundo, tupa, solusheni na maneno. Gari likizima, unafungua boneti na kutazama ndani kwa heshima, basi. Anayejua yuko mjini, tena ana kompyuta. Baiskeli ya chuma ikizima, mwenyewe anajua ni nini, jirani anajua zaidi yake, na mtoto wa jirani ameshakimbia kuleta pampu. Chombo kisichoharibika hakimfundishi mtu kitu wala hakimkutanishi na mtu. Chombo kinachoharibika kwa siri humfanya mwenyewe ombaomba. Hiki kinaharibika hadharani, kwa bei ndogo, na kumwacha mmiliki wake akiwa na ujuzi na marafiki. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na rufaa ipelekwe kijiweni.

Nawe uliyeshawishika, ukienda kununua ya mtumba usitazame rangi. Ipindue, zungusha magurudumu yote mawili uangalie kama yanayumba. Angalia viungo vya fremu kama vina ufa chini ya rangi mpya. Kisha shika krenki uitikise. Ikisema "ko", omba upunguziwe bei, halafu inunue. Na kota pini nunua mbili.